Dawa ya bibi inauzwa famasi elfu 25, mwenyewe kaambulia kanga na soda

Wakuu leo nina hasira, nikipayuka mnivumilie.

Bibi yangu mzaa mama yuko Lushoto, mtoto akiumwa tumbo anaingia msituni mwenyewe kuchimba mizizi. Miaka ya nyuma wakaja jamaa na gari la kampuni, adabu tele, shikamoo bibi kila dakika, wakamuuliza mti gani, unachimbwa msimu gani, unachemshwa na nini, mtoto anapewa kiasi gani, wakarekodi yote kwenye simu na magome wakabeba kwenye viroba. Wakamwachia kanga na kreti ya soda. Mkataba hakuna, namba waliyoacha haipatikani.

Juzi niko famasi Sinza nakutana na kichupa, unga wa mti uleule kwenye vidonge, matumizi yaleyale, mpaka onyo kwamba mjamzito asiguse ambalo bibi ndo aliwaambia! Lebo inasema eti "utafiti wetu wa muda mrefu". Utafiti upi nyie, si mlikaa jikoni kwa bibi asubuhi moja tu?

Na asije mtu hapa kuniambia miti ni ya Mungu. Mbona ikifika kwao wanakimbilia kusajili? Itifaki ya Nagoya, yale makubaliano ya kimataifa ya kutumia mimea na ujuzi wa wenyeji, ipo tangu 2010, inataka uombe ridhaa kwanza na mkubaliane mgao wa faida. Wasani, wale wawindaji wa asili kule kusini mwa Afrika, wametafuna mmea wa hoodia kuua njaa vizazi na vizazi, taasisi ya serikali ya Afrika Kusini ikachukua hataza (patent) bila hata kuwauliza, mpaka kelele zilipopigwa ndo 2003 wakakubaliwa asilimia 6 ya mrabaha. Sita! Na hiyo ya kugombania. Sisi ua letu la milima ya Usambara (African violet) Mjerumani alilibeba enzi za ukoloni, leo limejaa madirishani Ulaya, nani kule milimani kaonja hata senti?

Nimeenda ofisi moja inayohusika nikaambiwa nilete ushahidi wa maandishi. Bibi hajui kusoma jamani, ushahidi wake ni sisi wajukuu tulionyweshwa ile dawa tukiwa tunalia.

Kuna mwanasheria humu anajua kesi kama hii inaanzia wapi? Na nyie wenye wazee vijijini, wakija hao watu mzee asifungue mdomo kabla ya mkataba, tena wa Kiswahili, mwenyekiti wa kijiji awepo (japo wenyeviti wengine nao kreti ya soda inawatosha). Jina la kampuni silitaji hapa, modereta watafuta uzi.