Mratibu wa dawati la jinsia anaweza kuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo?

Mdau wa Mlimani
Wakuu, habari za jioni. Juzi nilikaa kwenye kikao fulani, mahali nahifadhi. Mama mmoja akatoa hoja kwamba vyuo vya umma viwe na utaratibu wa kuwaandaa waratibu wa madawati ya jinsia na ujumuishi, ili nao waje washike nafasi za juu: amidi (mkuu wa kitivo), rasi wa ndaki (mkuu wa koleji), naibu, mpaka kile kiti chenyewe cha Makamu Mkuu. Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka, ila nimelala na swali.

Tazameni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu kiwe chuo kikuu kinachojitegemea 1970. Makamu Wakuu wake: Msekwa, Kaduma, Kuhanga, Mmari, Luhanga, Mukandala, Anangisye. Hesabuni akina mama hapo. Sera ya jinsia ipo. Mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu umekuja na dola milioni 425 za Benki ya Dunia na mambo ya jinsia yamo ndani. Lakini yule anayejua nani anawasumbua mabinti matokeo yakikaribia, bweni lipi halipandiki kwa kiti cha magurudumu, idara ipi haijawahi kuajiri mwanamke, huyo muda wake ukiisha anarudi kusahihisha mitihani, basi. Ile kazi inamwandaa mtu kuongoza chuo au haimwandai? Na kama haimwandai, kibadilishwe nini? Matusi sitaki.

Baba Kijacho
Nitasema ukweli mchungu, mtanisamehe. Dawati la jinsia ndiko anakopelekwa mama wa watu aliyekwama kwenye uhadhiri, hachapishi, anasubiri kustaafu. Kazi yenyewe semina, chai, vitafunwa na tisheti za siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Huyo ndiye umkabidhi chuo chenye maelfu ya wanafunzi? Ataongoza kwa sambusa?

Chuma cha Pua
😂😂 sambusa za nyama au za viazi?

Bi Mratibu
Kaka Baba Kijacho, umenichokoza, acha nikujibu. Mimi ni mratibu, mwaka wa nne sasa, chuo sikitaji. Shahada ya uzamivu ninayo, machapisho ninayo, na vipindi vyangu darasani havijapunguzwa hata kimoja. Hiyo ni kazi juu ya kazi.

Sasa sambusa. Hakuna siku chuo kimenipa hela ya sambusa. Siku 16 za mwaka jana chai nilitoa mfukoni mwangu na maandazi kaleta mama lishe wa nje ya geti, kwa mkopo, nikamlipa mshahara ulipotoka. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya karatasi za mitihani. Ina kiti kimoja cha mgeni. Binti akija na rafiki yake wa kumtia moyo, rafiki anasimama, na mara nyingi wanakuja wawili kwa sababu mmoja peke yake anaogopa. Saa nne usiku napigiwa simu: mwalimu kamwambia afuate maksi zake za majaribio mahali "penye utulivu". Nilipoandika taarifa nikajibiwa "Mama, tumia busara." Kwa hiyo ukiniambia vitafunwa, kaka yangu, nakushangaa.

Baba Kijacho
Sijakutaja wewe dada. Jiwe gizani, ukisikia yalaa ujue limempata.

Bi Mratibu
Limenipata ndiyo. Si umelirusha kwenye madawati yote?

Msahihishaji
Samahani kuingilia. Humu mtu akisema "kuongoza chuo" au "mkuu wa chuo" anakosea. Mkuu wa Chuo pale Mlimani ni Mzee Kikwete. Anayeendesha shughuli za kila siku ni MAKAMU Mkuu wa Chuo. Tusichanganye.

Chuma cha Pua
Asante mwalimu. Kichwa cha uzi kimeandika hivyohivyo, ila asante.

Ngosha wa Nera
Baba Kijacho amesema jambo watu wanalizunguka. Kiti kile ni cha maprofesa. Tangazo la nafasi likitoka huwa limeandikwa profesa au profesa mshiriki, mwenye uzoefu wa uongozi. Mratibu ambaye ni mhadhiri tu, hata umwandae miaka kumi, karatasi yake inarudi. Chuo kikuu ni taaluma.

Mzee wa Ukumbi wa Nkrumah
Chuo kikuu ni taaluma? Nani kakudanganya, kijana? Msekwa alikuwa profesa wa nini? Alitoka ofisi ya TANU, chama tawala cha wakati ule, moja kwa moja kupanda Mlimani. Kabla ya hapo alikuwa Katibu wa Bunge. Kaduma alitoka uwaziri wa mambo ya nje. Kuhanga naye alikuwa waziri. Mpaka 1988 alipoingia Mmari ndipo kiti kikakaliwa na profesa. Karibu miaka ishirini chuo kimeongozwa na wanasiasa, na hicho ndicho chuo mnachojivunia, cha wasomi akina Rodney na Shivji. Sasa leo mratibu wa jinsia ndiyo mnamdai uprofesa?

Ngosha wa Nera
Mzee, zama za chama kimoja hizo. Chama kilishika hatamu hata kwenye zahanati. Usitulinganishe.

Mzee wa Ukumbi wa Nkrumah
Sikulinganishi, nakukumbusha. Mmesema haiwezekani mtu asiye profesa. Imewezekana.

Wa Githurai
Ndugu zangu wa Bongo, huyo Msekwa si ndiye wa ile stori ya Akivaga? 1971, rais wa wanafunzi, Mkenya, aliandika barua ya wazi kukosoa uongozi wa chuo, polisi wakaja kampasi wakamchukua na akarudishwa Nairobi. Babangu husimulia hiyo kila Krismasi. Mkijisifia Msekwa mkumbuke na hiyo.

Mzee wa Ukumbi wa Nkrumah
Nakumbuka. FFU, polisi wa kutuliza ghasia, walikuja na silaha. Wanafunzi wakasusia. Lakini mambo yale yalikuwa mapana, kijana, walitaka kushirikishwa kwenye maamuzi, haikuwa Msekwa peke yake.

Wa Githurai
Saini ilikuwa ya nani?

Ngosha wa Nera
Ndiyo maana nasema waongoze wasomi.

Mzee wa Ukumbi wa Nkrumah
Wasomi hawajaita polisi kampasi? Unaishi nchi gani wewe?

Mdau wa Mlimani
Wakuu, mada jamani. Madawati ya jinsia.

Mbeba Boksi Houston
Nimechelewa, huku ni asubuhi. Nitoe uzoefu wa Marekani maana wao ndio walifika mbali kwenye hili. Huku vyuo vilikuwa na maafisa wakuu wa anuwai na ujumuishi, baadhi yao wakiwa na cheo cha makamu wa rais wa chuo, wanakaa meza moja na mkuu wa fedha. Walikuwa na chama chao cha kitaaluma tangu 2006. Swali la mleta mada walikuwa wanajiuliza wao pia: kwa nini sisi tuko mezani lakini urais wa chuo anachukua msimamizi wa taaluma? Maana njia ya urais huku kwa desturi ni idara, amidi, kisha mkuu wa taaluma.

Halafu ngazi ikaondolewa wakiwa bado juu ya mwembe. Texas tu ninakoishi, sheria ilisainiwa Juni 2023, ikaanza 1 Januari 2024, ofisi zote za namna hiyo kwenye vyuo vya umma zikafungwa. Aprili ile Chuo Kikuu cha Texas pale Austin wakapunguza watu. Chuo Kikuu cha Michigan, waliokuwa na mpango mkubwa tangu 2016, wakafunga ofisi yao Machi 2025. Nilichokiona kwa macho yangu: aliyekuwa na kiti chake cha uprofesa kwenye idara alirudi kufundisha. Aliyeajiriwa kwa kazi ile tu alibeba boksi, na safari hii si langu.

Chuma cha Pua
Trump huyo.

Mbeba Boksi Houston
Texas ilikuwa kabla ya Trump kurudi. Soma tarehe mkuu. Yeye alikuja kumwagia petroli Januari 2025.

Baba Kijacho
Kwa hiyo Marekani wenyewe wameona ni upuuzi wamefuta. Sisi tunaokota walichotupa. Nimemaliza.

Mbeba Boksi Houston
Sijasema ni upuuzi. Umesoma unachotaka. Kufutwa kwa sheria ya wanasiasa na kushindwa kwa kazi ni vitu viwili.

Mama Hidaya (Unguja)
Jamani nyinyi wa Bara mna maneno. Mnakwenda Marekani kutafuta mfano na uko hapahapa Afrika. Mamphela Ramphele, Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini. Aliingia unaibu 1991, na jukumu alilopewa ndilo hilihili, sera ya fursa sawa, kukibadilisha chuo cha wazungu kiwe cha watu wote. 1996 akawa Makamu Mkuu mwenyewe. Mwaka 2000 Benki ya Dunia wakamchukua. Sasa mtu aniambie kazi ile haimwandai mtu.

Ngosha wa Nera
Ramphele ni daktari wa tiba na mwanaanthropolojia, na alikuwa na Steve Biko kwenye harakati za kupinga ubaguzi wa rangi. Huyo angekuwa kiongozi hata mngemweka kwenye dawati la kupokea wageni.

Wa Githurai
Na siasa zilimshinda. 2013 alianzisha chama, mwaka uliofuata akajiunga na wale wa upinzani kama mgombea wao wa urais, siku chache tu ndoa ikavunjika. 😂

Mama Hidaya (Unguja)
Mimi nazungumzia chuo, wewe unanitajia chama. Mwanangu, hebu punguza.

Wa Githurai
Shikamoo Mama. Nimepunguza. Lakini nikuongezee: sisi Kenya, Olive Mugenda aliongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta kutoka 2006 hadi 2016, mwanamke wa kwanza kwa chuo cha umma. Waganda walimweka Mary Okwakol Chuo Kikuu cha Busitema 2007, mtu wa zoolojia. Hakuna kati yao aliyepitia dawati la jinsia. Walipitia njia ya kawaida. Pengine hapo ndipo shida: tunamtafutia mwanamke mlango wa uani wakati wa mbele upo.

Bi Mratibu
Huo wa mbele ndio ninaousimamia mimi nihakikishe haufungwi. Na saa nyingi za kuusimamia ndizo ambazo ningeandika makala za kunipa uprofesa. Mnaelewa mtego huo? Kazi ya dawati haihesabiwi pointi hata moja kwenye kupanda cheo. Halafu mnaniuliza uko wapi uprofesa.

Mhasibu Mstaafu
Nimesoma wote. Nilikuwa bohari kisha uhasibu wa chuo cha umma miaka ishirini na sita, nimefanya kazi na Makamu Wakuu wanne. Mnabishana profesa na si profesa, mwanamke na mwanamume. Makamu Mkuu wa Chuo ni Afisa Masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za chuo. Hoja za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anajibu yeye. Mbele ya kamati ya Bunge anakaa yeye, na nimewaona maprofesa wakubwa wakitokwa jasho pale kwa sababu ya lori la saruji lisilo na hati.

Mratibu anajua watu wa chuo kuliko yeyote, nakubali. Lakini hajawahi kusaini malipo, hajawahi kuajiri, hajawahi kumfukuza mtu na kushinda rufaa. Huko ndiko kuandaliwa. Mpeni fungu lake la bajeti, hata liwe dogo, ajibu mwenyewe mkaguzi akija. Mwingizeni kwenye kamati ya fedha ya Baraza, hata akae tu asikilize. Naibu wa Mipango, Fedha na Utawala akisafiri, mkaimisheni yeye. Miaka mitatu ya hivyo, mtajua wenyewe kama ni wa vitafunwa au siye. Semina za uongozi hazimfanyi mtu Afisa Masuuli.

Baba Kijacho
Wahasibu nao, kila kitu saini. Chuo si duka la spea.

Chuma cha Pua
Lori la saruji lilikwenda wapi mzee? Hiyo ndiyo stori.

Mhasibu Mstaafu
Hilo nitakufa nalo.

Msahihishaji
Ni "Ofisa Masuuli", kijana wa zamani.

Mhasibu Mstaafu
Sheria ninayoijua imeandika Afisa. Na mimi si kijana.

Kaka wa Kitengo
Na sisi wanaume waratibu tuko wapi kwenye huu uzi? Mimi naratibu dawati, na ukumbini naitwa "mama jinsia". Nimezoea. Ila niseme moja: nilipoteuliwa mimi ndipo ofisi ikapata kompyuta na printa ndani ya mwezi. Mwenzangu wa kabla yangu, dada mmoja hodari kuliko mimi, aliomba miaka miwili.

Bi Mratibu
Wewe ndiye utakayekuwa Makamu Mkuu, kaka. Tutakupigia vigelegele.

Kaka wa Kitengo
Naogopa kwamba ni kweli.

Ngosha wa Nera
Mwaka 1971 Msekwa alikuwa na umri gani? Nadhani hakuwa amefika arobaini.

Mzee wa Ukumbi wa Nkrumah
Amezaliwa 1935. Piga hesabu. Thelathini na sita. Leo mtu wa umri huo ni mhadhiri msaidizi anagombea funguo za projekta.

Wa Githurai
Na mtu wa umri huo ndiye mnataka kumpa polisi.

Mdau wa Mlimani
Wakuu, kuna mtu atamjibu Mhasibu Mstaafu? Nadhani hilo la fungu ndilo nililokuwa nalitafuta.

Bi Mratibu
Nimjibu mimi. Mzee wangu, shikamoo. Tuseme nimepewa fungu kesho asubuhi. Nianzie wapi?

Mhasibu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Anza na kiti cha pili cha mgeni. Andika dokezo, lipite kwa mkuu wa ununuzi, liingie NeST, ule mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni, upate mzabuni, upokee, uandike kwenye leja. Hesabu ni wiki ngapi na nani alikukwamisha. Kisha urudi hapa unieleze.

Baba Kijacho
Na sambusa zinaingia fungu gani?