Mjadala: Likoni wavuka bure, sisi wa Amu na Pate tulipe hadi lini?

Assalaam aleikum jamaa. Karibuni tujadiliane, matusi tuyaache nje.

Wiki jana nilikuwa Mombasa kwa shughuli za harusi. Nimevuka kwa feri ya Likoni mara nne kwa siku mbili na sikutoa hata ndururu. Mwenye gari hulipa, aendaye kwa miguu hupita tu. Wakati wa korona wenzetu waliongezewa na daraja la kuelea pale Liwatoni, likafunguliwa Januari 2021, nalo pia lilikuwa bure. Nikarudi nyumbani. Mokowe, gati ya bara, hadi kisiwa cha Amu (Lamu), nauli. Amu hadi Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate, nauli. Nikashuka pale na bado kuna bodaboda ya kunifikisha kwa mamangu. Huku kote niko ndani ya kaunti moja ya Lamu, sijasafiri popote!

Sasa swali: kama maji ya Likoni ni barabara ya umma, haya yetu ni nini?

Najua jibu la kwanza, nimelisikia gatini mpaka nimelizoea: "Nyinyi ni wachache." Ni kweli. Likoni kwa siku moja hukadiriwa kuvuka watu zaidi ya laki tatu, na sensa ya 2019 iliikuta kaunti nzima ya Lamu na watu 143,920. Lakini wa Likoni siku hizi akitaka anaweza kuzunguka kwa gari kupitia barabara ya Dongo Kundu. Wa Faza, kule kisiwani Pate, azunguke wapi?

Jibu la pili ni la kisheria, na hili lina uzito. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka feri miongoni mwa kazi za kaunti. Basi wanasema kalieni kaunti yenu kooni. Sawa, lakini mbona Likoni, iliyo ndani ya kaunti ya Mombasa, bado inaendeshwa na serikali kuu chini ya Mamlaka ya Bandari? Katiba ni moja.

Hata hivyo mimi siombi feri, na hapa najua nitagombana na vijana. Wanaotaka tuletewe feri kama ya Likoni waniambie itapita wapi. Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, mnaujua. Mwezi wa saba nilikuwa kwenye boti ya kutoka Pate, tukachelewa kidogo tu, maji yakatutoka. Nahodha akazima mashine, baharia akashika upondo, akachoma chini: tope. Akachoma upande wa pili: tope. Tulikaa pale mikoko huku na mikoko huku, jua la utosi, watoto wanalia, mama mmoja ameshikilia ndoo ya samaki na barafu yake inayeyuka inamtiririkia miguuni. Kila mara anafunua kifuniko, anatazama, anafunika. Hakusema neno. Kuzunguka kisiwa cha Manda kwa nje, baharini, na kusi lile, nahodha alikataa, na alikuwa na haki. Hiyo feri ya magari ingefanya nini pale?

Rai yangu: boti zilizopo zinatosha, manahodha wanazijua njia. Serikali ilipe nauli, au sehemu yake, kwa masharti. Boti isipakie zaidi ya kipimo, kila abiria awe na jaketi la kuokolea linalofungika (si lile la kukalia), na saa za kuondoka zifuate maji, zibandikwe gatini watu wazione. Na tuanze na visiwa vya mbali: Pate, Ndau na Kiwayu. Mokowe na Amu wangoje, pale ni dakika chache tu. Naam, nasema haya nikiwa mkaazi wa Amu.

Sharti la kipimo silitupii kwa mapambo. Wakubwa humu wanakumbuka ajali ya feri ya Mtongwe, Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994. Feri ilijaa kupita kiasi, ikapinduka karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Ukifanya usafiri bure bila mtu wa kuhesabu vichwa, unaita msongamano.

Nyongeza, baada ya isha: nahodha mmoja kaniandikia faraghani, nami namjibu hapa kwa idhini yake. Anasema: "Kaka, serikali hulipa baada ya miezi. Mimi mafuta nanunua leo." Hapo kanishika. Sina jibu zuri. Yeye anapendekeza ruzuku iwe kwenye mafuta, nauli ishuke yenyewe. Mimi naogopa bei ya mafuta itashuka na nauli ibaki palepale, kama tunavyoona kwa matatu. Labda abiria alipe nusu taslimu, nusu ya pili ndiyo ingoje serikali, ili boti isilale. Waliowahi kuidai kaunti pesa watueleze zilikuja baada ya muda gani.

Na aliyesema nataka kuwanyima watu wa Mokowe: ndugu, sijamnyima mtu. Nimesema foleni ianzie mbali.

Wa Kiwayu na Ndau bado sijawasikia. Kwenu boti hupita mara ngapi kwa wiki, na mgonjwa akizidiwa usiku mnamkodia nani?