Gereji zinazobadilisha vifaa kwa kusoma namba ya hitilafu ya gari tu zinatuumiza, P0441 imenila dola 640 bure

Wakuu salama? Naandika hapa nina hasira hadi mikono inatetemeka. Niko Dallas, Texas, na mlio huku mnajua taa ya cheki enjini ikiwaka hupiti kipimo cha moshi na bila hicho kipimo usajili wa gari hauhuishwi, Januari 2025 walifuta ule ukaguzi wa breki na mataa ila cha moshi kimebaki kwenye kaunti kama Dallas, Tarrant na Harris. Nina shifti ya usiku ghalani, gari ndo miguu yangu, huku hakuna daladala ya kudandia saa tisa usiku.

Gari ni ya 2009. Taa ikawaka, nikaweka skana yangu ndogo, kile kifaa cha kusoma namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ikasoma P0441. Nikapeleka gereji ya ndugu zetu kabisa, tunaongea Kiswahili, nikajua hapa sitapigwa. Na nilimwambia fundi kwa mdomo wangu, kaka hii gari nikishatoka kujaza mafuta inagoma kuwaka, mpaka nikanyage mafuta kidogo ndo inashika, siku zingine haina shida yoyote. Akaitikia tu eeh eeh, akaangalia namba, akasema kenista imekufa, yaani kile kikopo cha mkaa kinachoshika mvuke wa petroli. Dola 640 na ufundi.

Siku ya sita taa hiyo imerudi, P0441 ile ile!! Nikarudi, akabadilisha mfuniko wa tenki, akafuta namba akaniambia wahi sasa hivi kapime kabla haijawaka. Nikaenda nikarudishwa, kwa sababu ukifuta namba kompyuta ya gari inasahau na ile mitihani ya ndani ambayo gari inajipima yenyewe inaanza upya, na gari ya 2001 kuja juu wanaruhusu mtihani mmoja tu uwe haujakamilika. Yaani fundi wa miaka yote hiyo hajui hilo? Au anajua na ananipoteza makusudi?

Ikabidi nikae chini nijisomee mwenyewe. Kumbe mfumo wenyewe sio mgumu, petroli ikiwa tenkini inatoa mvuke, mvuke unashikwa kwenye kenista yenye mkaa, halafu enjini ikipata moto kuna kivalvu cha umeme kinafunguka unanyonywa na kuchomwa. Kivalvu hicho kisipopata umeme kinatakiwa kiwe KIMEFUNGA. Kikikwama wazi, unapojaza mafuta mvuke wote unasukumwa hadi kwenye enjini, enjini inalewa petroli, ndo maana haiwaki. Ndo kile kile nilichomwambia siku ya kwanza!

Nikafungua boneti enjini ikiwa ya baridi, mbali na moto wowote, nikachomoa soketi nikakitoa, nikapuliza kwa mpira msafi. Hewa inapita kama unapuliza bomba. Dakika kumi hazikufika. Kivalvu kipya dola 38, bolti moja na mipira miwili. Sasa hivi najaza mafuta gari inawaka mara moja. Namba sikuifuta na kukimbilia kipimo, nimeendesha karibu wiki mbili kawaida, tenki nikaliacha kati ya robo na robo tatu kwa sababu likijaa sana au likikauka ule mtihani wa mvuke haujifanyi, gari inalala usiku kucha ipoe, asubuhi naiwasha naenda zangu. Skana ikaonyesha imekamilika, nikapima, nimepita.

Nachotaka mjue, hiyo namba haikwambii kifaa kipi kimekufa. P0441 inasema mvuke haupiti inavyotakiwa, basi. P0455 ni uvujaji mkubwa, P0442 mdogo, P0456 mdogo kabisa tundu la nusu milimita, na hapo anza na mfuniko, angalia mpira wake kama umepasuka, fuata mipira hadi nyuma ya tenki, ukishindwa ndo utafute fundi mwenye mashine ya kupuliza moshi ndani ya mfumo aone unatokea wapi. Msisukume hewa ya kompresa ya matairi humo, presha yake inapasua vitu. Na jamani pampu ikikata usiongezee mafuta kulazimisha ifike dola kamili, petroli inaingia kwenye kenista inaloweka mkaa, hapo ndo utaiua kweli.

Jana nimewapelekea kile kivalvu kibovu, nikampulizia mbele ya macho yake. Jibu lake, "namba ilisema kenista". Nikasema haya nipe kenista yangu ya zamani niipime, kanijibu ilishatupwa. Dola 640 ni wiki nzima ya kubeba maboksi na nilikuwa nimeahidi ada ya mdogo wangu nyumbani. Aliyewahi kurudishiwa hela na gereji huku Texas aniambie alianzia wapi, risiti zote mbili ninazo na picha za skana zenye tarehe ninazo.