Mama mkwe kanikabidhi Hoppin' John ya mwaka mpya, jaribio la kwanza limetoka uji. Naombeni ushauri

BintiPangani:
Wakuu habari za sikukuu. Niende moja kwa moja maana siku zimebaki tano. Mimi ni wa Tanga, niko huku South Carolina mwaka wa nne sasa, nimeolewa na Mmarekani mweusi, kwao ni pwani maeneo ya Georgetown, wale watu wanaitwa Gullah. Kila Januari mosi ukoo mzima unakusanyika kwa mama mkwe kula Hoppin' John. Kwa wasioijua ni kunde zile nyeupe zenye jicho jeusi, zinapikwa na nyama ya nguruwe ya moshi halafu na wali, pembeni kunakuwa na majani ya collard na mkate wa mahindi. Imani yao kunde ndo sarafu, majani ndo noti, mkate ule wa njano ndo dhahabu, usipokula siku hiyo ukifulia mwezi wa tatu usimlaumu mtu.

Sasa Krismasi mama kanisimamisha mbele ya mawifi wote akasema mwaka huu kunde anapika huyu. Mawifi wawili wakatazamana. Mimi nikacheka kwa adabu huku tumbo linaniuma. Na mama mwenyewe hapimi kitu, nikimuuliza maji kiasi gani ananijibu mpaka yatoshe, nyama ichemke muda gani, mpaka iachie mfupa. Bibi yangu wa Pangani alikuwa hivyo hivyo na hakuna nilichojifunza kwake zaidi ya kukuna nazi. Mume wangu hana msaada, anajua kula tu.

Jana nikafanya jaribio kimya kimya. Nikanunua ham hock mbili, kile kipande cha chini cha mguu, yaani kongoro la kitimoto limekaushwa kwa moshi gumu kama gogo la mkoko. Kunde nikaloweka usiku kucha, asubuhi nikatia vyote kwa pamoja, nyama, kunde, kitunguu, chumvi kijiko kikubwa kimoja, nikaacha vichemke. Saa moja na nusu baadaye kunde zimepasuka zimekuwa uji na nyama bado inaniangalia tu, ngozi kama raba ya kandambili. Chumvi ndo usiseme. Kwa hasira nikatupia mchele humo humo, ikatoka bokoboko, na bokoboko yenyewe isiyo na samli.

Nimekosea wapi? Na wali unapikwa humo ndani au pembeni? Povu ruksa ila mnisaidie kwanza.

NyaniMzee_ATL:
Dada pole, huku Georgia nimekula hiyo kitu miaka 17, kosa lako ni moja tu la saa. Kongoro la moshi linataka masaa mawili hadi matatu, kunde zilizolowekwa zinataka dakika 40 mpaka saa moja basi. Umewaanzisha safari pamoja watu wasiotembea mwendo mmoja. Nyama kwanza, peke yake, na maji kama lita mbili na nusu, kitunguu umekata nusu mbili, majani ya bay mawili, moto mdogo, funika. Ukiona nyama inaanza kuachia mfupa ndo unatia kunde. Na hizi za jicho jeusi hata usipoloweka zinaiva, ukiloweka zinawahi tu, kwahiyo wewe kwa uoga wako loweka masaa machache usilaze nazo.

Chumvi USITIE mwanzo. Ile nyama imeshalala kwenye chumvi kabla ya kupigwa moshi, na supu inavyopungua chumvi inabaki pale pale. Onja mwisho kabisa. Kama inakutisha, chemsha kongoro dakika kumi, mwaga yale maji, anza upya.

kongosho:
Nimesoma gogo la mkoko nimecheka mpaka nimeamsha mtoto. Ngoja waje wapishi mi nipo nimekaa paleee.

Mkenya_Halisi:
Samahani mleta uzi, hapa mimi nimepotea kidogo, kunde si ni mboga ya majani? Sasa inakuwaje na jicho?

BintiPangani:
@Mkenya_Halisi haha kaka huko kwenu kunde mnamaanisha majani, sisi tunamaanisha punje zake. Mmea ni huo huo mmoja. Na kukuongezea, hayo majani ya collard ndo ndugu wa damu wa sukuma wiki yenu, ukija huku hutalala njaa.

Mkenya_Halisi:
Aah basi hiyo ni githeri imekosa mahindi. Endeleeni.

Mvita_Minnesota:
Assalaam alaykum. Mimi mambo ya kongoro hilo simo, ila nimeishi na majirani weusi wa kutoka Mississippi na wengi wao siku hizi hawatii nguruwe kabisa, wengine kwa dini wengine kwa presha. Wanatumia bawa au shingo la batamzinga la moshi. Linapatikana supamaketi zile zile, linaiva mapema kuliko kongoro, na moshi unaupata vizuri tu. Lakini dada usije ukadhani halina chumvi, lina chumvi pia. Kama kwenye hiyo meza kuna asiyekula nguruwe mtengee kisufuria chake, na mwiko wake.

Tui_Zito:
Mnahangaika bure. Chemsha kunde, tia tui la kwanza, bizari kidogo, pilipili mbuzi moja nzima isipasuke, wali wa nazi pembeni. Hao wakwe zako watakuimba mpaka Pasaka. Mpwani unaombaje ushauri wa kunde?

Shangazi_Charleston:
@Tui_Zito mwanangu hapana. Kunde za nazi atawapikia Februari na watazipenda. Januari mosi anakula nao chakula chao, na hii siku si ya majaribio. Niko Charleston tangu 1998, naomba niseme kwa urefu kidogo mnisamehe.

BintiPangani mwanangu, hao mawifi walivyotazamana usikasirike nao. Tarehe 31 Desemba 1862 watu weusi huku walikesha makanisani wakisubiri lile tangazo la Lincoln la kuwaachia huru litakaloanza kazi asubuhi ya Januari mosi 1863, na mpaka leo ule mkesha wanaufanya, wakitoka kanisani ndo zile kunde zinawashwa. Halafu hapo Georgetown palikuwa mashamba makubwa ya mpunga, waliolima ni Waafrika waliotekwa kutoka nchi za Afrika Magharibi zinazojua mpunga, na kunde zenyewe zimetoka Afrika na wao. Kwahiyo kukukabidhi sufuria mama yako hakukupa kazi ya jikoni tu.

Sasa upishi. Swali lako la wali ndani au pembeni ndo swali lenyewe. Wengine wanapika kunde peke yake wanamwagia juu ya wali, sawa, inaliwa. Lakini wazee wa pwani hii wanapika pamoja, na ukiangalia vizuri utaona unakijua hiki chakula toka utotoni. Hapa kila wali wa sufuria moja uliopikwa kwenye supu ya nyama wanauita perlo, wengine purloo, na hilo neno ni pilau yetu hii hii limetembea tu mdomoni. Kuna kitabu cha mapishi cha hapa Charleston cha mwaka 1847 kina Hoppin' John, kunde painti moja, mchele painti moja, bekoni ratili moja, na mwisho mwandishi anasema sufuria itolewe motoni ikawekwe juu ya makaa wali umalizikie kwa mvuke. Niliposoma pale nilipiga makofi peke yangu. Si ndo kupalia makaa huko?

Basi fanya hivi. Kunde zikiwa zimeiva lakini bado punje imesimama, chuja, supu weka kando ipime. Nyama chambua, mfupa na ngozi toa, nyuzi katakata. Kaanga kitunguu na mafuta ya bekoni vipande vitatu vinne, kitunguu saumu, selari kama wanapenda, pilipili ya unga kidogo. Mchele mrefu vikombe viwili, ukipata ule wanaouita Carolina Gold vizuri zaidi ila bei yake utalia, uoshe mpaka maji yatoke safi, ukaange kidogo, tia supu vikombe vitatu na nusu, kunde na nyama rudisha. Ikikauka juu funika kwa foili na mfuniko, ingiza oveni moto mdogo dakika 20. Oveni ndo makaa yako. Usifunue funue.

Na kitu kimoja muhimu kuliko vyote. Muulize mama anatumia kunde GANI. Maana nchi nzima wanapika za jicho jeusi lakini wazee wa visiwa na pwani hii wengi wao wanataka zile nyekundu ndogo.

fundi_presha:
Presha kuka dakika 35 kongoro, dakika 8 kunde, mchezo umeisha. Karne gani hii mnakaa masaa matatu jikoni. Zikigoma tia magadi.

NyaniMzee_ATL:
@fundi_presha presha kwa kongoro nakubali, kwa kunde akizidisha dakika mbili anarudi kwenye uji wake. Magadi ya nini sasa na kunde zenyewe zinaiva ukizitazama tu. Labda kama ni za zamani zimekaa kabatini tangu Obama, hizo bora ununue mpya. Na nyanya au siki zisiguse sufuria kabla kunde hazijalainika, tindikali inazifanya zigome.

BintiPangani:
Shangazi nimesoma mara tatu, asante sana, hiyo ya kupalia imenitoa machozi jamani. Ngoja nimpigie mama niulize aina ya kunde. Swali la mwisho, nina mfupa wa paja la ham ya Krismasi kwenye friza bado una nyama nyama, nautumia badala ya kongoro au?

Shangazi_Charleston:
Utumie pamoja na kongoro moja. Mfupa wa ham una ladha nzuri lakini ni mkavu, kongoro ndo lina ule utelezi wa ngozi na gegedu unaoshika wali. Ila kama ile ham ilipakwa asali na nanasi ioshe vizuri, hatutaki halua.

kongosho:
Mrejesho tafadhali usitukimbie.

BintiPangani:
MREJESHO. Leo ni tarehe 2, jana sikuweza kuandika nilikuwa nimelala kama mzigo.

Nilimpigia mama siku ile ile nikamuuliza, mama unatumia kunde gani. Akanyamaza kidogo, akasema njoo. Nilivyofika katoa kwenye friza mfuko wa kunde nyekundu ndogo, kaziweka tangu Oktoba. Wakuu, zile ni kunde za kwetu kabisa, zile za kuuzwa kwa kisado sokoni Ngamiani, nimeshika mkononi nikaona kama naota. Kumbe wale mawifi walikuwa wanajua nikipika za jicho jeusi mama atakula kimya halafu ndo basi.

Nikaamka saa kumi alfajiri. Kongoro moja na ule mfupa, masaa mawili na nusu moto mdogo. Kunde nililoweka masaa manne, zikachukua dakika 50. Supu ikatoka rangi ya kahawia nyekundu nzuri, nikaonja ndo nikatia chumvi robo kijiko cha chai, ROBO, nikikumbuka kile kijiko changu cha kwanza naona aibu. Mchele nikakaanga, nikafunika, nikaingiza oveni, na kisufuria cha batamzinga pembeni kwa binamu yake mume wangu aliyesilimu, shukrani @Mvita_Minnesota alifurahi mpaka akanikumbatia maana miaka yote anakula mkate na majani tu.

Mama alikuja jikoni nikiwa nafunua. Hakusema kitu. Akachukua kijiko akapeleka mpaka chini kabisa ya sufuria akakwangua ukoko, akaula amesimama. Kisha akaniuliza nani amekufundisha kumalizia hivyo, nikamwambia bibi yangu Tanga, ila yeye alikuwa anaweka makaa juu ya mfuniko. Akasema nyanya yake pia.

Wali ulishikana kidogo upande mmoja, oveni yangu ina moto wa upendeleo, lakini mbegu zilisimama. Leo tunakula kiporo, tarehe 2 wanakiita Skippin' Jenny, kimelala na ndo kitamu zaidi.

Wifi mkubwa asubuhi kapiga simu anaomba apelekewe kilichobaki. Nimempakia kopo zima. Ukoko sijampa.

Tui_Zito:
Februari usisahau nazi.