Talaka imetoka, nyumba ya Malindi je?

Asalam aleikum jamani. Naulizia nafsi yangu, sijifichi. Niko Torino mwaka wa 9 sasa, mume tulioana Malindi akabaki kule, mimi huku natunza wazee wa watu na pesa natuma, nyumba ikasimama kule mtaa wa Barani vyumba vitatu na baraza. Talaka imetoka mwezi wa nne. Sasa yuko ndani anasema kila mtu achukue chake, na chake ni nyumba maana karatasi ina jina lake. Mlopitia haya naanzia wapi?

——

Waleikum salam mdogo wangu, pole mwaya. Yalinipata na mimi, niko Italia na nyumba iko hapo hapo Malindi, kwa hivyo sikuhadithii ya kusikia.

Kwanza hiyo karatasi anayoringia umeiona kwa macho yako? Ni hati ya ardhi au ni makubaliano na mwenye kiwanja? Kwetu unajua mambo yalivyo, nyumba yako udongo wa mtu, kila mwezi unampelekea kodi ya kiwanja. Mimi nlikaa miaka nikijisifu nna nyumba kumbe nna mawe na mabati tu juu ya ardhi ya mwenyewe, na siku ya kugawana tuligawana jengo basi. Mtume mtu aangalie kabla hujalipa wakili hata shilingi.

Ikiwa ni hati kweli na ilipatikana ndani ya ndoa usiogope jina. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inasema mali ikiandikwa jina la mmoja, korti inaanza kwa kuichukulia kuwa ameishika amana ya wote wawili, yeye ndo athibitishe sivyo. Lakini usidanganywe na wale wa "nusu kwa nusu", Mahakama ya Juu Januari 2023 ilisema nusu haiji yenyewe, kila mtu aonyeshe mchango wake, na mchango si pesa peke yake, kulea watoto na kazi za nyumba zimo. Halafu sheria hiyo hiyo imetuachia Waislamu nafasi ya kwenda kwa sheria ya dini. Huko mali ya mke ni ya mke na ya mume ni ya mume, ndoa haizichanganyi. Kwa hiyo swali litakuwa moja, zile pesa ulimpa au ulijengea?

Hapo ndo nlipokwama wallahi. Meseji zangu zote za M-Pesa nlikuwa nikifuatisha na "nimetuma mume wangu, Mungu akuweke", hakuna hata moja iloandika ya mabati. Yeye akasimama akasema nlimpa kwa mapenzi yangu. Kilichoniokoa ni daftari la fundi, lile la shule la kurasa 48, limejaa madoa ya chokaa, ameandika kwa penseli "mama Italia simiti mifuko 40", "mama Italia boriti". Kila tarehe ya fundi nikaitafutia meseji yake zikalingana.

Na kama ni hati fanya haraka kuweka kizuizi kule ofisi ya ardhi asije akaiuza. Ile ya kwamba mume hauzi bila mke kukubali ni ya ndoa ikiwa hai, yako imekwisha, usiilalie. Kama huwezi kusafiri mpe mtu unayemwamini pawa ya atoni, karatasi ya kumruhusu akusimamie. Si kakako yule anayemdai mumeo pesa, nakujua.

——

Naongezea kidogo kwa dada zetu mlioolewa na Waitaliano, hayo ni mengine kabisa. Huko tangu 1975 mkifunga ndoa bila kusema kitu mko kwenye comunione dei beni, mtakachonunua baada ya hapo ni chenu wote, cha kabla ya ndoa na cha urithi kinabaki cha mwenyewe. Lakini wangapi waliambiwa siku ya ndoa "saini hapa" na ilikuwa separazione, yaani kila mtu na mali yake, mtu anakuja kujua miaka kumi baadaye. Ombeni estratto ya ndoa, ile nakala ya daftari la ndoa la manispaa, si cheti cha kawaida, msome maelezo ya pembeni, huandikwa hapo.

——

Shukran sana dadangu. Nimecheka na kulia, maana fundi wangu mimi ni mtoto wa ami yake mume, daftari hilo sitalipata. Ila mawe na simiti nlikuwa nalipa dukani mwenyewe kwa simu, na mwenye duka huwa hatupi kitu. Nshampigia mama, kesho asubuhi akitoka sokoni atapitia.