Tupeane uzoefu: magugu, kuvumwani na maji yanayotuama kwenye njia ya gari nyumbani

Mleta mada (Goba, Dar es Salaam)
Wanajukwaa, salaam. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu njia ya gari ya nyumbani, kuanzia getini hadi mlangoni, kwa kuwa wengi tumetandaza tofali za pevingi na masika yakiisha tunakuta hali ileile: mianya imejaa majani, upande wenye kivuli umeota kuvumwani (vile vimea vidogo vya kijani vinavyotanda kama zulia), na mbele ya geti kuna dimbwi.

Kwangu msumbufu mkubwa ni ndago. Ukiivuta, hukatika na kukuachia kijishina cheupe mkononi, huku kiazi chake cheusi kikibaki chini ya tofali, kimeunganishwa na vingine kwa nyuzi nyembamba, na baada ya siku chache panachipua upya. Maji ya moto huunguza majani ya juu tu. Kilichonisaidia ni dawa ya glaifoseti, ambayo hufyonzwa na jani na kushuka hadi chini. Kwa hiyo nasubiri ndago iwe na majani mabichi ya kutosha, napulizia asubuhi ya siku isiyo na dalili ya mvua, sifyeki kabla ya hapo, na narudia machipukizi mapya yanapotokea. Hata hivyo, sehemu moja imenishinda, nayo ni ile inayopokea maji ya gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa. Wenzangu mmefanyaje?

Mchangiaji (Tanga)
Ndugu mleta mada, utashauriwa umwage chumvi. Magugu yatakufa kweli, lakini mvua ikinyesha chumvi hiyo itahamia kwenye maua na migomba, na chuma cha geti kitaanza kula kutu kuanzia chini. Mimi nimebaki na kisu chembamba na kiti kifupi kila Jumamosi, na sioni aibu.

Mchangiaji (Moshi)
Huku kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunasumbuliwa zaidi na kuvumwani, hasa Juni na Julai, mawingu yanapokaa chini na jua kuchelewa kutoka. Kwa kuwa haina mizizi ya kweli, bali hushikilia tofali kwa vijinywele na kunywa unyevu kwa majani yake, haina haja ya kuchimbwa. Isubiri ikauke vizuri. Hapo hubanduka vipande vizima kwa mwiko au brashi ngumu, ilhali ikiwa mbichi hujipaka tu kwenye tofali. Baada ya kukwangua, nilipaka jiki iliyozimuliwa kwa maji, nikaiacha kidogo, kisha nikasuuza kuelekea mbali na bustani. Tafadhali, jiki isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu. Kilicholeta nafuu ya kudumu, hata hivyo, ni kupunguza matawi ya mparachichi yaliyofunika njia, kwa sababu palipopata jua kuvumwani haikurudi kwa nguvu ileile. Naonya pia kuhusu mashine za kuoshea magari: zinang'arisha tofali, lakini zinafagia mchanga wote wa kwenye mianya, na tofali zikilegea magugu yanapata makazi mapya.

Mchangiaji (Kitengela)
Sisi tuliojenga juu ya udongo mweusi tuna taabu nyingine. Udongo huu huvimba ukilowa na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo kabro (ndivyo tunavyoita tofali za pevingi huku Kenya) iliyopangwa juu yake moja kwa moja hudidimia panapopita magurudumu, na maji hutuama humohumo. Ilibidi tuuchimbe na kuutoa, tujaze moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Shimo la kufyonza maji halikutufaa, maana udongo huu ukishalowa haunyonyi. Maji tumeyapeleka kwenye mtaro wa barabara.

Mchangiaji, fundi wa pevingi (Morogoro)
Nimeitwa mara nyingi kuua magugu na nikaishia kufukua njia, kwa sababu magugu na kuvumwani hufuata unyevu, na unyevu hufuata kosa la mteremko. Njia ya gari inahitaji kushuka walau sentimita 2 kwa kila mita 1, ikielekea mbali na ukuta wa nyumba, na hilo hupimwa kwa kamba na mpira wa maji (bomba jembamba lenye maji la kupimia usawa), si kwa macho. Chini kuwe na moramu au kokoto iliyoshindiliwa kwa mashine; juu yake mchanga wa kutandikia wa unene wa sentimita 3 hadi 5, ambao haupaswi kutumika kufukia mabonde, kwani mchanga mnene husogea gari likipita. Kwa gari dogo, tofali ya milimita 60 inatosha. Panapoingia malori ya maji au ya mchanga, tumia ya milimita 80. Pembeni lazima kuwe na kingo za zege, la sivyo tofali zitatanuka na mianya kufunguka. Mwisho, mchanga mkavu ufagiliwe ndani ya mianya na mashine ipitishwe juu yake, kisha mchanga uongezwe.

Kuhusu gata, bomba lisimwage juu ya tofali. Lipeleke kwenye mfereji wenye wavu wa chuma unaokata njia mbele ya geti, au kwenye pipa la kuvunia maji. Mfereji huo uzolewe takataka kabla ya vuli na kabla ya masika.

Mchangiaji (Mbezi, Dar es Salaam)
Niongeze moja tu: angalieni maji hayo yanaishia wapi. Jirani wa juu yangu alitengeneza mteremko mzuri sana, ukaelekea sebuleni kwangu, na tulifikishana hadi kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hajachimba shimo la kufyonza ndani ya kiwanja chake. Kwa kuwa ardhi yetu ni ya kichanga, shimo hilo linafanya kazi vizuri.

Mleta mada
Nashukuru sana. Fundi, aliyenijengea alimwaga niru (uji wa saruji na maji) kwenye mianya ili majani yasiote, nayo sasa imepasuka kila mahali. Niiache au niitoe?

Fundi (Morogoro)
Itolewe, mkuu. Maji yanaingia kwenye nyufa lakini hayatoki kwa urahisi, na ndago inapenya hapohapo. Tofali zilizo karibu na gata zifukuliwe kwanza, mteremko urekebishwe, ndipo zirudishwe kwa mchanga mkavu. Mkubaliane mapema na fundi malipo ya kuzisafisha, kwa sababu kugonga saruji iliyoganda kwenye kingo za kila tofali huchukua muda mrefu kuliko kuzipanga, na usipoitoa yote hazitakaa sawa tena.