Prikweli zinaharibu hadithi tuliyoipenda, au tunazianza vibaya?

Mleta mada (Mwanjelwa, Mbeya)

Wakuu, nawasalimu kutoka huku kwenye baridi. Nabishana na mdogo wangu tangu Jumamosi na hatujaafikiana, nikaona nilete hapa.

Alikwenda kujaza flashi, akaomba Star Wars, zile muvi za vita vya angani. Kijana wa duka akampangia kwa namba, ya 1 hadi ya 6, naye akaanza na ya 1 kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kumbe hiyo ya 1 ilitoka 1999, na ya 4 ndiyo iliyotoka 1977! George Lucas alianza na zile tatu za 1977, 1980 na 1983, akakaa miaka 16, ndipo akarudi nyuma kusimulia yaliyotangulia. Hizo ndizo prikweli: muvi imetoka baadaye, mambo yake yametokea kabla.

Sasa alipofika kwenye ile ya 1980, pale Darth Vader, yule adui mwenye kofia jeusi la kufunika uso, anapomwambia kijana shujaa Luke kwamba yeye ndiye baba yake, dogo alikuwa anamenya karanga. Hakuinua hata kichwa. "Si tulishajua?" Mimi niliiona banda umiza, na nakumbuka mtafsiri mwenyewe alinyamaza kidogo kabla ya kulitamka lile neno. Banda zima kimya. Dogo hataupata tena ukimya ule, na hilo linaniuma kweli.

Lakini sisemi kwamba kujua mwisho ndiko kunakoua hadithi. Bibi zetu walitusimulia sungura na fisi walewale kila jioni jikoni, na tulidai warudie. Kinachoua ni kuziba pengo lililokuwa linafanya kazi. Mwaka 1977 mzee Obi-Wan, mwalimu wa Luke, anaieleza ile Nguvu inayowapa uwezo wa ajabu kwa maneno machache tu: inatokana na viumbe hai wote, imetuzunguka, inauunganisha ulimwengu. Ikaja ya 1999, mtoto anapimwa damu, vinahesabiwa viumbe vidogo vilivyomo, vimezidi 20,000, basi ndiyo sababu ana kipaji. Jambo la imani limegeuzwa majibu ya maabara.

Vivyo hivyo kwa Alien, ile muvi ya kutisha ya 1979. Lile jitu lililokauka kitini niliota nalo kwa sababu sikujua ni nini. Mwaka 2012 Ridley Scott yuleyule, kwenye prikweli yake Prometheus, akatuonyesha kuwa lilikuwa vazi tu, ndani mna mtu mrefu mweupe. Hofu yote ikaisha.

Mdau (Ipogolo, Iringa)

Kaka, hapo umetuonea. Sisi tulioiona ya 1999 tukiwa watoto tuliipenda kuliko hizo zenu. Yale mashindano ya vyombo jangwani, yule mwenye uso mwekundu na upanga wa ncha mbili, tulichonga miti tukapigana uani mpaka mama akatufukuza.

Nadhani tatizo ni ile miaka 16. Kila mpenzi wa zile za zamani alikuwa ameshaijenga prikweli yake kichwani. Lucas ashindane vipi na muvi uliyojitengenezea mwenyewe?

Halafu ya 2005, yule atakayekuwa Vader anaungua kando ya ule mto wa moto huku rafiki yake akilia juu yake. Nilipoitazama ya 1977 baada ya hapo, lile kofia jeusi nilikuwa nalihurumia. Wewe hukumhurumia Vader mapema namna hiyo. Nani aliyepunjwa?

Mdau (Mafinga)

Wote mnazunguka, tatizo ni pesa. Angalieni The Hobbit, prikweli ya muvi za The Lord of the Rings: ni kitabu kimoja cha 1937, tena si kinene. Kimekatwa muvi tatu, 2012, 2013 na 2014. Hata Legolas, yule mpiga mishale wa The Lord of the Rings, kaingizwa, na kwenye kitabu hicho hayumo! Uji wa watu watatu umeongezwa maji wanywe tisa.

Mleta mada

Dada wa Ipogolo, hilo la kofia limenishinda, nakubali. Ile ya 2005 sikuipa nafasi yake. La damu bado silikubali.

Mafinga, pesa ipo kila mahali, hata kwenye nzuri. Tamthilia ya Better Call Saul, ya yule wakili Saul, nayo ilikuja baada ya tamthilia ya Breaking Bad kuwa kubwa, na ndiyo prikweli bora niliyowahi kuona. Tulijua Saul atapona na Mike atapona, maana tuliwakuta huko mbele wakiwa hai. Ila Kim Wexler, mpenzi wa Saul, hatukumkuta popote. Sizoni sita nimekaa na roho mkononi kwa ajili ya mwanamke mmoja, kila simu inapoita nasema ndiyo leo. Waandishi waliona hadithi ya kwanza imekaa kimya kuhusu nani, wakakaa hapo hapo. Hawakugusa kilichokuwa kimeshatosha.

Sasa dogo anazo zote mbili kwenye flashi na hajagusa hata moja. Nimemwambia asifungue Better Call Saul mpaka amalize sehemu zote 62 za Breaking Bad. Anasema hadithi huanzia mwanzo, nisimpangie. Wadau wa Tukuyu na Njombe, nimzuie au nimwache?